Elfu Tano ya Khainza

Kamera aliniachia binamu Wepukhulu alipohamia Juba,
mkanda umekatika, kioo kina mkwaruzo
mwembamba kama unywele wa mtoto.
Mchana nilipima misumari dukani kwa Gidudu,
misumari, bawaba, waya wa seng'enge;
jioni nilipanda njia ya Wanale
kupiga picha vitu visivyoniomba:
ukungu ukishuka mwambani
kama maziwa yanayofurika sufuria,
kandambili moja mtaroni,
kahawa juani, na mkono unaoigeuza.

Mama alisema, "Nabifo, jicho halijazi chungu."
Kweli. Betri ndiyo iliyokuwa ikila,
ikila mshahara wangu.

Kisha akaja Khainza, muuza maziwa,
akasimama mlangoni na madumu yake.
Hakutaka misumari.
"Ule mkono kwenye kahawa," akasema,
"ni wa dada yangu. Tumemzika Ijumaa.
Uso wake tunao, uko kwenye kitambulisho,
umekunjamana, unaiogopa serikali.
Mkono hatuna."

Nikamchapishia. Nikasema, chukua tu, mama.
Akanitazama kama mtu niliyemtemea mate.
"Mimi maziwa nakupa bure?"
Akaweka noti ya elfu tano juu ya mizani ya misumari
na mshale haukusogea hata kidogo.
Mimi nilisogea.

Hakuna aliyenifundisha kutaja bei.
Mwaka mzima niliitaja nikitazama viatu vyangu:
elfu kumi… au nane… au utakachojaliwa.
Na watu walijaliwa kidogo.
Ubatizo wa Nkoma, nililipwa kuku.
Mahafali, nililipwa ahadi.
Bwana harusi wa Namakwekwe
hadi leo anavuka barabara akiniona.
Ndipo nikajua: arbuni kwanza, tabasamu baadaye.
Nikajua kusema "laki tatu"
kisha kufunga mdomo, nikihesabu moyoni hadi kumi,
maana anayeongea kwanza ndiye anayepunguza.

Misumari nimeiacha.
Nina chumba nyuma ya soko,
pazia la buluu, stuli inayoyumba,
na kitana cha wateja kilichobaki meno tisa.
Inua kidevu. Usicheke. Kichwa kushoto kidogo.
Siku nzima nasema hivyo,
na Wanale dirishani inavaa ukungu, inavua ukungu,
bila mimi.

Jumamosi iliyopita, harusini Budadiri,
kati ya keki na hotuba ya tatu,
mbuzi wa zawadi alikata kamba,
akapanda kiti cha mgeni rasmi,
akasimama pale na utepe wake wa waridi
akiwatazama watu kama mwenye hoja.
Kidole changu hakikuuliza nani analipa.

Mjomba wa bibi harusi akachungulia begani kwangu.
"Na hiyo bei gani?"
Hiyo haiuzwi, nikamwambia. Hiyo yangu.
Nikarudi mjini nimenyoosha shingo
kama mtu mwenye shamba.

Usiku nikahesabu kodi ya chumba,
wino, umeme, ada ya mdogo wangu.
Nikahesabu tena kuanzia mwisho,
labda ingepungua.
Nikachukua simu, nikaandika:
"Mzee, yule mbuzi. Elfu arobaini, na fremu."

Nikafuta "na fremu".
Nikairudisha.
Nikatuma.